Orvanda ya Kwanza au ya Nne

Ulimwona. Usiseme hukumwona, kwa maana River Road haina mahali pa kumficha mtu. Ulimwona mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, akiparamia mkokoteni wa mabomba kwa bega kama mlevi, saa tano asubuhi. Mwenye mkokoteni alimtukania mama. Muuza ndizi akasema, "Vijana wa siku hizi, mpaka asubuhi." Wewe ukatoa simu ukaikodolea macho, na hapakuwa na ujumbe wowote ndani yake. Ukapita.

Yule hakuwa mlevi. Alikuwa Kitavi, mwana wa Ngui, na ule mkokoteni haukuwapo machoni pake mpaka ulipomfika begani.

Dada yake, Munyiva, alikuwa akiishi naye nyumba moja huko Waithaka, vyumba viwili na jiko la pembeni, na yeye pia hakuona. Aliona vikombe vikianguka mezani, akamwambia nduguye ana mikono ya mafuta. Aliona akikosa kizingiti cha mlango, akamwambia anunue viatu vya saizi yake. Munyiva ni karani wa shule. Kazi yake ni kugundua watoto waliokosa kufika. Hakugundua kwamba macho ya nduguye yalikuwa yakichelewa kufika kila mahali.

Aliyegundua ni mjane mmoja, tena akiwa kaburini.

Kwa miaka tisa Kitavi alipanga programu za mazishi katika duka la uchapishaji la Thuo, ghorofa ya pili, River Road. Wafiwa walimletea picha na daftari lenye machozi na makosa ya tahajia, naye akawatolea kijitabu kinachosomeka. Alikuwa na sheria zake. Wasifu wa marehemu unaanza na kuzaliwa kwake, hata kama familia inataka kuanza na cheo alichokuwa nacho. "Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa nne katika nyumba ya watoto tisa." Hapo ndipo mlango ulipo. Mtu akimwambia aanze na digrii alitikisa kichwa. "Kwani alizaliwa na hiyo digrii?"

Basi kukaja picha ya familia, watu kumi na wanne mbele ya nyumba ya mawe. Kitavi akakata pembeni apate nafasi ya zaburi. Nakala mia tatu zikachapishwa, zikabebwa, zikagawiwa. Kaburini mjane alifungua kijitabu chake, akatafuta uso wake katika ile picha, akakuta mkono wa kanga na kiwiko. Alikuwa amesimama ukingoni. Kitavi alimkata mke wa marehemu kwa sababu upande ule wa picha, kwake, haukuwa na mtu.

Thuo si mtu mbaya. Hakupiga kelele. Alimkalisha, akasimama kando yake na kuinyoosha kalamu. "Hii unaiona?" "Kalamu gani?" akajibu Kitavi. Thuo akaiweka mezani polepole. "Enda ukaangaliwe macho, ndugu yangu. Ukipona, kiti yako iko hapa."

Kliniki ya macho ya hospitali aliyokwenda ni Alhamisi. Jengo lake ni jipya, na wapo wanaokumbuka lilivyofunguliwa: utepe mwekundu, hema mbili, bendi ya shule, na keki kubwa yenye umbo la jicho, mboni ya chokoleti. Jicho lile likakatwa kwa kisu na kuliwa na wageni waheshimiwa, na jina la aliyelikata likaandikwa kwenye shaba pale ukutani. Shaba ile husuguliwa kila Jumatatu mpaka ing'ae.

Walimtia Kitavi matone, wakampulizia hewa, wakampiga tochi. Kisha daktari akatokea koridoni na kuuliza lile swali ambalo kila mwenyeji wa hospitali zetu analijua.

"Mtu wake ni nani?"

Si mgonjwa. Mtu wake. Habari njema mgonjwa huambiwa kitandani. Mbaya humsubiri mtu wake koridoni, karibu na ndoo ya kupigia deki. Munyiva akainuka.

Daktari alikuwa kijana, na amechoka. Alisema upesi, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Ni presha ya macho, na mara nyingi hurithiwa. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limebaki tundu la ufunguo. Anaona katikati tu, pembeni ni ukuta. Upasuaji ungeokoa kilichobaki. Bila upasuaji, ahesabu wiki, asihesabu miezi. Sita, au nane.

"Basi mpasueni," Munyiva akasema.

"Chumba kipo, mimi nipo. Lakini ile hadubini tunayotumia, taa yake iliungua mwezi wa tatu. Ni taa tu, mama, inatoshea mkononi. Tumeandika barua." Akafungua daftari. "Yeye ni namba thelathini na moja."

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MASHINE MBOVU. MTAJULISHWA. Kitavi alisimama mbele yake akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayepima punje.

"Hata hawajaweka maandishi katikati ya karatasi," akasema. Halafu, "Daktari amesema nini?"

Munyiva alimtazama. Alikumbuka baba yao, Ngui, aliyelinda ng'ombe wa maonyesho kule uwanja wa Jamhuri, mtu aliyejua kila fahali kwa jina. Alipofika miaka arobaini na sita akaanza kugonga nguzo. Watu wakasema ni uzee. Wengine wakasema ametupiwa kitu na jirani. Mama yao aliitwa koridoni vilevile, akarudi kimya, akapika uji. Katika nyumba ile mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Anaambiwa uji uko tayari. Ngui alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anangoja miwani ambayo hakuna aliyekuwa amemwagizia. Na hakuna hata mmoja aliyewapeleka watoto wake kupimwa.

"Amesema utumie matone," Munyiva akamjibu nduguye. "Na tungoje foleni."

Hakudanganya. Alikata pembeni tu.

Sasa ndipo habari ya gemu inapoingia, na usicheke, kwa kuwa wewe nawe una kitu ulichojiahidi ukipata likizo.

Kuna mfululizo wa gemu unaoitwa Orvanda. Ziko tano. Katika kila moja unakuwa mtu asiye na mbele wala nyuma katika nchi ya wachawi na majoka. Unatembea, unazungumza na watu, unachagua maneno yako, unapigana, na kila uchaguzi unakurudia. Moja huchukua wiki kadhaa. Kwa miaka tisa Kitavi alipita kila jioni mbele ya duka la Wahome, chini ya ngazi, kichochoroni nyuma ya River Road, ambako kulikuwa na bango la Orvanda ya Nne: mji wote wa kioo, umening'inia juu ya maporomoko ya maji, jua limeupiga kutoka nyuma. Alikuwa na mashine, aliinunua kwa huyohuyo Wahome, lakini aliichezea mpira tu Jumapili. Kwa Orvanda alitaka likizo ya kweli. Huwezi kuingia nchi ya watu na kazi ya watu mkononi.

Sasa likizo imemjia. Jumamosi wakaenda, yeye na Munyiva.

Wahome alikuwa amekalia kreti ya soda, akitafuna njugu. Biashara yake ni ya kubadilishana: unachukua diski moja, ukiirudisha unachukua nyingine. Mbili hatoi. Sheria hiyo ameiandika ukutani kwa rangi, na mchungaji wake mwenyewe aliwahi kuomba mbili akanyimwa.

"Buda, umefutwa kazi?" akamwuliza Kitavi.

"Likizo."

"Likizo ya River Road? Hiyo sijawahi sikia. Ni kama maziwa ya kuku."

"Nipe Orvanda, wacha maneno."

"Orvanda gani?"

"Hiyo ndiyo kesi."

Pale dukani palikuwa na msichana wa chuo, Becky, aliyekuja kurudisha yake. Hakuna aliyemwuliza, akajibu. "Ya tatu. Usijisumbue na zingine. Ya tatu ndio hadithi imeshika, hata ukianza hapo huwezi potea."

"Wacha kudanganya mtu," Wahome akasema. "Ya nne. Si unaiona hiyo ukutani? Watu huwa wanafika huo mji wa kioo wananipigia simu, hawana la kusema, wananipumulia tu. Ya tano usiguse, waliitoa kama chapati haijaiva."

"Nataka ya kwanza," Kitavi akasema.

Wahome na Becky wakatazamana.

"Ya kwanza ni matope na giza," Wahome akasema. "Kuna jamaa aliirudisha siku ya pili, akaniuliza kama tivi yake imeungua."

"Na maandishi yake ni kama mayai ya chawa," Becky akaongeza.

"Huwezi anza wasifu wa mtu na vile alifika mjini. Unaanza na alizaliwa."

"Hii ni gemu, si matanga," Becky akasema.

Wahome akacheka mpaka njugu ikampalia. Kitavi naye akacheka, lakini hakuondoka mahali pake. Akageuza kichwa kumtafuta Munyiva, akampita, akarudi, akampata. Alikuwa upande wake wa kushoto, hatua moja tu.

"Mwaitu," akasema. Ndivyo alivyomwita tangu mama yao aliporudi nyumbani Mwala, kwa utani na kwa heshima, kama anayemwita mama. "Wewe ndiye mkubwa. Kata hii kesi. Ya kwanza ama ya nne?"

Munyiva hakuwahi kushika gemu maishani mwake. Alichojua ni hesabu moja: gemu moja, wiki kadhaa, macho, wiki sita au nane. Ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ule mji wa kioo ulikuwa ng'ambo ya mto ambao nduguye hangevuka.

Ya nne. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Lakini Kitavi angeuliza kwa nini. Mtu asiyejua hata kuwasha mashine, leo anamwambia aruke tatu nzima? Kwa sababu gani? Na sababu ilikuwa moja, ile ya koridoni. Kumwambia "ya nne" ilikuwa kumwambia yote, mbele ya Becky na mtu wa njugu, chini ya ngazi, Jumamosi mchana.

Alitazama lile bango. Akatazama viatu vyake.

"Anza na ya kwanza," akasema. "Kwani kuna haraka gani?"

Wakaenda nayo Waithaka.

Kitavi alimpa shujaa wake jina la Ngui. Ngui huyo alikuwa mchukuzi wa chumvi katika nchi ya mabwawa, na kwa siku za kwanza kazi yake ilikuwa kubeba magunia na kuulizia njia. Munyiva akirudi kutoka shule saa kumi alimkuta amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza ya runinga. Alikaa kando yake akichambua maharagwe.

"Lazima uongee na kila mtu?" alimwuliza. "Huyo si ni mwenye mbuzi tu?"

"Mwenye mbuzi ana jina. Anaitwa Torb. Mke wake alimwacha."

"Sasa hiyo inakusaidia na nini?"

"Wewe ukiingia ofisi ya watu husalimii? Unaenda tu moja kwa moja kwa pesa?"

Alisoma kila kibao, kila barua iliyookotwa ndani ya kila sanduku, pua karibu na kioo. Na alikufa sana. Huko mabwawani kuna viumbe wa tope wanaotoka majini na kumjia mtu kwa mwendo wa kobe. Walimla Ngui mara tatu, mara nne, mara tisa mahali palepale.

"Hii gemu inaniibia," Kitavi akasema. "Hawaji kutoka mahali. Wanatokea tu."

Munyiva alikuwa amewaona. Walikuwa wamejitokeza upande wa kushoto zamani, wawili, wakubwa, wanakuja polepole, wanajaza nusu nzima ya runinga. Hata mtoto angewaona.

"Si wewe pia umeona?" Kitavi akamwuliza. "Wametokea tu?"

"Wametokea tu," akasema, na maharagwe yakamponyoka.

Kila Alhamisi walikwenda kliniki. Alhamisi ya kwanza sista Wangui, muuguzi wa pale, alisema barua ya taa imepelekwa. Alhamisi ya pili ilikuwa imerudi, ilikosa muhuri. Ya tatu muhuri ulipatikana lakini mwenye kutia sahihi alikuwa kwenye semina. Munyiva alipanda ghorofani kumwona mkubwa wa hospitali, akaambiwa yuko mkutanoni, akae. Alikaa mpaka wafagiaji walipomwambia ainue miguu.

Chini, kwenye benchi, watu walikaa na faili zao magotini. Watu wapole. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Kawangware, Kalekye, namba kumi na saba, aliyekuwa akija tangu taa ilipoungua. Alijua sauti ya kila mtu.

"Hamjawahi kuuliza?" Munyiva alimwuliza.

"Tuliuliza mara moja," Kalekye akasema. "Wakasema tukipiga kelele tutarudishwa nyuma ya foleni. Mimi ni kumi na saba, binti yangu. Nirudi arobaini?"

Kitavi akakubali kwa kichwa. Alikuwa mtu wa foleni. Kazi iliyotangulia ndiyo hutangulia. River Road ndivyo inavyokwenda, ama sivyo watu wangeuana kwa rangi ya jalada. Aliketi wima na namba yake, thelathini na moja, na hakuna hata namba moja iliyosogea mbele yake.

Nyumbani Munyiva alijaribu kumharakisha. "Ruka hizo hadithi, fika mwisho." "Una haraka ya nini?" Kitavi akamjibu. "Si wewe ulisema hakuna haraka?" Mara mbili alifungua mdomo amwambie. Mara ya kwanza jirani akabisha kuomba chumvi. Mara ya pili hapakuwa na jirani wala kisingizio. Alimwambia uji uko tayari.

Wiki ya tano ilipokatika, Ngui mchukuzi wa chumvi alitoka mabwawani, na Orvanda ya Kwanza ikaisha. Kitavi alijinyoosha kitini kama mtu aliyemaliza kuvuna. "Zimebaki nne," akasema.

Munyiva alikwenda kwa Wahome peke yake, saa ya chakula cha mchana. Akaweka ile diski mezani. "Nipe ya nne."

"Kitavi alisema anaenda moja moja, madam. Ya pili hii hapa, nimemuwekea."

"Nipe ya nne, Wahome."

"Atanikasirikia mimi."

Basi akamwambia. Mtu wa kwanza duniani kumwambia alikuwa muuza gemu. Wiki sita au nane, na tano zimekwisha. Wahome aliacha kutafuna. Alikwenda kwenye rafu, akachukua ya nne, akaipangusa kwa shati lake ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akachukua na ya pili, akaiweka juu yake, akazitia zote kwenye mfuko wa karatasi.

"Zote," akasema. "Achague. Na asirudishe."

Lilikuwa jambo la huruma, na ndilo lililoharibu kila kitu. Munyiva alikuwa amejitungia uongo wake tayari: ya pili ilichukuliwa na mtu, imebidi tuchukue ya nne. Lakini hakuutoa mfukoni ule mkebe wa juu, wa ya pili. Mawazo yake yalikuwa mahali pengine. Jioni Kitavi alitia mkono kutafuta mkate, akagusa mikebe miwili.

Aliivuta nje. Akausogeza mmojammoja machoni mpaka ukagusa ukope. Akasoma mbili. Akasoma nne.

"Wahome hatoi mbili," akasema.

Munyiva alikuwa jikoni. Alisikia, akazidi kukoroga sufuria.

"Hatoi mbili hata kwa mchungaji wake. Ulimwambia nini?" Kisha, kwa jina, si mwaitu, "Munyiva. Daktari alikuambia nini?"

Akamwambia akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

Kitavi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ilikuwa lini?"

"Siku ile tulipokwenda kliniki mara ya kwanza."

"Kabla twende kwa Wahome."

"Kabla."

"Kwa hivyo pale dukani ulikuwa unajua." Alisema polepole, kama anayepanga herufi. "Nikakuuliza, ya kwanza ama ya nne."

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Macho ni yangu. Wiki tano, Munyiva. Wiki tano naongea na wenye mbuzi."

"Ningekuambiaje?"

"Ya nne. Si ungesema tu ya nne? Ningeelewa. Mimi si mtoto. Miaka tisa nazika watu." Akageuza uso ukutani. "Mliniwekea uji, kama baba."

Uji ulikuwa jikoni, kweli, unachemka.

Kesho yake asubuhi aliwasha Orvanda ya Nne. Safari hii hakumsalimu mtu. Watu walimwita barabarani, wenye vibao na wenye matatizo, akawapita. Alimwuliza Munyiva kulia au kushoto, na Munyiva, aliyekuwa ameomba ruhusa shuleni, alikaa kando yake akisema, "Kushoto, wawili. Kuna ukuta. Simama, simama, kuna shimo." Walibishana kama watu wanaosukuma gari bovu. Siku nane. Kila siku kiti kilisogea, na siku ya sita hakikuwa na mahali zaidi pa kusogea.

Siku ya nane, saa kumi jioni, muziki ukabadilika. Kitavi akaweka kontrola magotini.

"Tumefika," akasema.

"Unaona?"

Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye runinga. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Jua lile la bango lilikuwa likimmulika usoni, rangi zake zinamtembea mashavuni.

"Naona mwanga," akasema. "Kuna mwanga." Akanyoosha mkono wenye kontrola upande ambao hakuwa na hakika nao. "Shika. Niambie."

Munyiva akaishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

"Kuna maji," akasema. "Mengi. Mji uko juu yake."

"Wa rangi gani?"

"Wa... kama chupa. Ukiinua chupa ya soda, utazame jua ndani yake."

"Soda gani?"

"Kijani."

"Kijani yote?"

"Chini kijani. Juu hakuna rangi. Kuna madaraja, membamba, watu wanapita juu yake, unaona miguu yao kutoka chini."

"Tembea. Ingia."

Akabonyeza. Yule shujaa akaenda hatua nne, akatumbukia pembeni ya daraja.

"Umeanguka," Kitavi akasema. Alijua kwa sauti.

"Nimeanguka."

"Wewe ni mbaya sana, mwaitu." Alikuwa anacheka, na mikono yake imefunika uso. "Anza tena."

Walianza tena mara nyingi.

Alhamisi iliyofuata daktari hakuita mtu wake. Aliwaita wote wawili. Alimulika jicho la kulia kwa muda mrefu. Bado kuna kitu, akasema. Kidogo, kama tundu la sindano, lakini mtu anaweza kuishi miaka arobaini na tundu la sindano. Ataona mlango, ataona kikombe, ataona kama ni mchana. Likizibwa, halifunguki. Ni wiki hii, labda na ijayo.

"Na taa?" Munyiva akauliza.

Daktari akatazama mikono yake mwenyewe.

Basi Munyiva akatoka, akapanda juu ya benchi na viatu vyake vya ofisi, akawaambia watu wenye faili wainuke, waende naye ghorofani, wote, waulize taa iko wapi. Walikuwa zaidi ya ishirini. Wengine walishika faili zao kwa nguvu zaidi. Akainuka Kalekye, namba kumi na saba, akipapasa ukuta. Akainuka Kitavi, mtu wa foleni, akamshika bibi mkono, na haikujulikana nani anamwongoza nani. Watatu. Wakapanda. Askari wa mlangoni akasema, "Wamama, rudini kwenye laini." Waligonga mlango wa mkubwa. Ndani kulikuwa na watu, walisikika wakikoroga chai. Mlango haukufunguliwa, na saa kumi na moja wakatolewa, jengo likafungwa wakiwa nje.

Watatu wameshindwa. Umesoma mpaka hapa, kwa hivyo sasa unajua wanachohitaji, na si machozi yako. Kliniki ni Alhamisi. Karibu nawe pia iko hospitali yenye mlango uliobandikwa karatasi, na benchi la watu wapole wanaoogopa kurudishwa nyuma. Usingoje umalize kazi ya mkononi. Wapigie simu ndugu zako wawili, uwaambie ukweli wote, uwachukue mkapimwe macho. Kisha pandeni ngazi pamoja mkiwa wengi kiasi cha kuziba ile korido, mgonge mlango ule, muulize taa iko wapi, na asiondoke mtu mpaka iletwe. Usiseme wiki ijayo. Wiki ijayo tundu limeziba. Piga simu ya kwanza sasa.